Majina Mawili ya Penseli

Yaya, kaka yangu mpendwa,

Kabla hujafika mstari wa pili, funga mlango wa studio ya redio. Nakusihi kwa roho ya baba, neno hata moja lisitoke humu. Usimsomee mkeo, usimwonyeshe padri. Ukimaliza, choma karatasi, ila majina mawili utakayoyakuta humu uyashike kichwani.

Barua zangu mbili za mwaka jana hukuzijibu. Sikulaumu. Naandika tena kwa sababu sina mwingine.

Unaikumbuka safari ile ya kurudi nyumbani Lubumbashi, tulipotoka kumzika nkambo, mama yake baba, huko Manono? Mvua ilikuwa imeila barabara. Tulikaa siku tisa juu ya magunia ya mahindi, mimi nikiwa na miaka minane, wewe kumi na tano, baba katikati yetu akitushika mikanda kila lori lilipoinama. Usiku tulipokwama, ulipanda mti ukiwa umeuma waya wa shaba, ukaufunga tawini, na redio ndogo ya baba ikaanza kukohoa. Ilituletea watu wa mbali. Kulikuwa na bwana mmoja aliyesoma habari kwa Kiswahili laini cha pwani, ukamwiga mpaka abiria wote wakashika mbavu. Halafu muziki wa lugha tusiyoijua, halafu upepo mtupu. Nililala kichwa kikiwa juu ya goti lako, nikiamini kwamba dunia nzima inajua tuko wapi.

Usiku wa saba ukapata kituo cha nyumbani, hafifu, saa ya matangazo ya familia. Tukasikia jina la baba. Mama alikuwa anamwomba yeyote aliyemwona baba mmoja na watoto wake wawili, waliotoka Manono, amjulishe kama wako hai au la. Baba akasogeza sufuria ya ugali.

"Mukule," akasema. "Muntu mwenye alikufa haombake bukari mara mbili."

Tulicheka, yaya, na wewe ulilia hapo hapo. Mama alituambia baadaye kwamba msiba angeuzoea. Kilichomla ni kutojua azime taa au aiache ikiwaka.

Sasa mimi ni karani hapa Lubumbashi. Ofisi yetu hupeleka malori kaskazini, na mimi huandika karatasi za njia. Lori la mizigo haliruhusiwi kubeba watu, lakini hubeba, na hakuna asiyejua. Basi jina la dereva naliandika kwa wino, na majina ya wanaopanda juu ya mizigo nayaandika pembeni kwa penseli. Lori likifika salama, nayafuta. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Nilijisifu kwamba nina mkono mwepesi, nikifuta haibaki alama.

Mwezi uliopita lori letu lilitumbukia mtoni, daraja la miti lilipovunjika. Dereva alirudi mkono umefungwa kitambaa. Wawili waliokuwa juu ya magunia walikufa, naye aliwazika pale pale akisaidiwa na wanakijiji, bila kujua hata wanaitwa nani. Mkuu wangu alifunga mlango, akaweka kifutio juu ya meza yangu.

"Futa, petit, mudogo yangu. Mu ile gari hamukukuwa bantu."

Nikafuta. Nikapuliza na unga wake. Nikatia sahihi.

Jumatatu iliyofuata mama mmoja wa mtaa wa Ruashi alikuja dirishani. Binti yake, Feza, alipanda lori letu kwenda kwa wajomba zake huko Manono, na hajafika. Nilimjibu kama nilivyoagizwa, kwamba sisi hatubebi watu. Alinitazama bila hasira.

"Kama ni vile, mutoto wangu iko bado mu njia," akasema. "Aksanti, papa."

Nilimpa tumaini. Sijafanya jambo baya kuliko hilo. Anakuja kila Jumatatu, na kila Jumatatu namwambia uongo ule ule. Nikimwambia kweli, sahihi iliyo kwenye karatasi ni yangu, si ya mkuu. Mlinzi ameanza kuniuliza mama yule ananitaka nini. Nikifika nyumbani nafungua redio mpaka usiku wa manane, nikingoja mtu mwingine ayaseme majina yale. Hakuna mwingine anayeyajua.

Wewe ndiwe unayesoma matangazo ya familia kwenye redio ya parokia huko Manono. Yasome: Feza, binti wa mama Odia wa Ruashi, na Ilunga, fundi wa viatu. Useme wamelala kando ya mto. Wajomba watasikia, watampigia mama yake. Usiseme umeyapata wapi. Najua watakuuliza, na najua una watoto. Sitegemei sana.

Usinipigie simu, maana ofisini hushikwa na kila mtu. Jibu lako mpe dereva asiye wa kwetu, alifikishe huku mtaani Makomeno kwa fundi cherehani aliyeshona suti ya harusi yako. Bahasha isiandikwe jina. Napita kwake kila Jumapili baada ya misa ya kwanza. Ukiwa huna la kuniandikia, tuma bahasha tupu, nijue tu kwamba barua ilifika. Na ikipita Pasaka bila kitu, usihangaike kunitafuta. Nitakuwa dirishani, Jumatatu, saa tatu asubuhi, nikimjibu mama Odia.

Mdogo wako