Kidole Chako Kwenye Kioo

“Kompyuta ya kioo cha kugusa ni mchezo wa watoto. Mtu mwenye kazi anatumia vitufe.”

Mama yangu, hayo ni maneno ya Deo, kitinda mimba wako. Ameyasema mbele ya ndugu wote hapa Katandala, kama hakimu anayefunga kesi. Ile kompyuta yangu ya zamani imekufa, na tunanunua nyingine kwa pamoja kwa sababu humo zitakaa picha zote za ukoo wetu. Anayewajua waliomo amebaki mmoja tu, mama mdogo Skola. Jicho lake moja limeshafunikwa na mtoto wa jicho, na la pili limeanza. Muuzaji ametuwekea mbili, yenye kugusa na isiyo ya kugusa, mpaka leo jioni. Neno la mwisho amepewa Deo, eti ndiye fundi wa mambo haya. Mimi sikubali.

Anasema kioo hicho kikipata ufa hakuna wa kukibadilisha Sumbawanga, mpaka Mbeya. Ni kweli. Anasema kinakula chaji. Hilo nalo ni kweli, wiki hii nimesoma habari za mashine hizi mpaka macho yakauma. Lakini anaposema, “Mama mdogo ataje tu majina, sisi tutambonyezea,” hapo tunagombana. Anayeshika kipanya ndiye anayeamua wengine watazame wapi. Najua, kwa sababu nilikufanyia hivyo wewe.

Unaikumbuka ile alasiri ya kiangazi? Ulikuwa umetoka kupeta ulezi, makapi yangali kwenye nywele. Mimi nilikuwa mezani naandika makala ya hasira kutetea heshima ya wakulima. Pembeni ya maandishi nilikuwa nimefungua picha moja ya zamani: wanawake wameinama juu ya ntumba, yale matuta yetu ya mviringo tunayofukia nyasi ndani. Mmoja amebeba mtoto. Ulicheka, ukaweka kidole kwenye kioo.

“Huyu wa mgongoni...”

“Mama, usiguse! Unakichafua.”

Ukaurudisha mkono ndani ya kitenge kama mtu aliyeungua. “Basi baba, nimekoma.” Ukatoka. Nami nikaendelea kuwatetea wakulima.

Sikukuuliza ulitaka kusema nini. Mwanzoni niliona aibu, baadaye nikasahau, halafu tukakuzika.

Juzi mama mdogo alikuja kutoka Mpui, nikampeleka dukani na picha zetu kwenye flashi. Deo akatufuata na ubishi wake. Mama mdogo akagusa kioo cha ile kompyuta. Hakikufanya kitu. Akagusa tena, kimya. Vidole vyake vimekauka kwa jembe, Mama, kama vyako.

“Umeona, kaka?” Deo akacheka. “Kioo chenyewe kimemkataa.”

Nilitaka kupasuka. Mama mdogo hakutujali. Akapiga makofi taratibu, viganja vikigongana kwa adabu kama tunavyowasalimia wakubwa huku kwetu, akakipulizia kidole pumzi ya moto, akagusa mara ya tatu. Ikafunguka ile picha ya kwenye ntumba.

“Kumbe kinataka kusalimiwa kwanza,” akasema. “Kina adabu kukushinda wewe, Deo.”

Muuzaji alicheka mpaka akashika meza. Nikamwonyesha mama mdogo jinsi ya kukuza picha kwa vidole viwili. Akaenda moja kwa moja kwa yule mtoto wa mgongoni, akaukuza uso wake mpaka ukajaa kioo chote, akasogeza karibu lile jicho lake lenye nafuu.

“Si ni wewe huyu? Litazame hilo paji la uso. Dada alikuwa akisema ulizaliwa umeshakunja uso, unatafuta wa kugombana naye.”

Nikatoka nje ya duka, nikasimama kwenye upepo.

Mimi ndiye uliyekuwa unamgusa, Mama. Nami nikakukataza.

Siku hiyo nikadhani yamekwisha. Asubuhi hii ameanza tena na vitufe vyake. Picha zilizobaki ni nyingi, na mama mdogo anarudi Mpui kesho kutwa.

Lala salama. Ule mkono nisamehe.

Na sasa nawageukia wewe Deo, na dada zangu mtakaoisoma barua hii kabla duka halijafungwa: chukueni yenye kioo cha kugusa. Kikipasuka, nitakipeleka Mbeya mwenyewe. Nanyi nyote mnaokaa na mama zenu mbele ya kioo chochote, cha kompyuta au cha simu, acheni kuwaambia wasiguse. Alama ya kidole inafutwa kwa kitambaa. Waacheni waguse, na muwaulize wanamgusa nani.

Mwanao uliyembeba mgongoni