Vioo Vilivyofungwa

Kabianga,
10 Machi 1974

Kwa dada yangu Wilkista,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Ombati na watoto. Mimi ni mzima, ila mgongo unanikumbusha kila jioni kwamba lori si kitanda. Je, lile jino lako limetulia? Na mvua huko nyumbani imeanza, au bado mnatazama mawingu?

Huku nimepata kazi juu ya kazi. Amekuja msichana wa Kipsigis anayesomea mambo ya afya Nairobi, anaitwa Sally, kupima vumbi tunalovuta sisi madereva wa majani chai tukiwa ndani ya lori. Alinifungia karibu na pua pampu ndogo ya betri yenye karatasi nyeupe ya mviringo. Hewa inapita, uchafu unabaki. Karatasi hupimwa kabla na baada, kwa mizani inayohisi hata unywele. Udadisi wangu unaujua. Nilimwuliza maswali mpaka akacheka.

Siku ya kwanza nilimharibia. Niliona aibu kumrudishia mgeni kitu kichafu, nikaipangusa karatasi vizuri kwa leso safi. Alishika kichwa, akanieleza kwamba uchafu ule ndio aliokuja kutafuta.

Baadaye tukapima siku nne vioo vikiwa wazi, siku nne vimefungwa. Nilimwambia asijisumbue, kila dereva anajua ukifunga kioo vumbi linabaki nje. Nilikosea, dada. Karatasi za vioo wazi zilitoka nyekundu kama barabara yetu. Zile nyingine zilikuwa nyeusi, na Sally akasema weusi huo ni mbaya zaidi, kwa kuwa chembe zake ni ndogo mno na zinafika chini kabisa kifuani. Tulilala chini ya lori tukitafuta. Moshi wa injini ulikuwa unapanda kupitia tundu la gia, na ukishaingia hauna pa kutokea.

Basi nikamwomba anikadirie: mtu akikaa humo saa mbili na nusu, vioo vimefungwa, kutoka hapa hadi Kaplong, atakuwa amevuta kiasi gani? Alianza kuandika, kisha akaniuliza abiria huyo alikuwa nani. Nilimwambia, na sasa nakuambia wewe.

Ni mama. Nilikuambia alilala njia nzima siku ile nilipompeleka hospitali ya Kaplong na kifua chake. Hakulala. Aliniomba mara tatu nifungue kioo. Nilikataa, maana tumelelewa tukijua mgonjwa wa kifua hapigwi upepo, hata nikaziba nyufa kwa shuka lake. Mwishowe alinyamaza tu. Baada ya siku mbili akatuacha, nami nikakuficha.

Sally anasema hesabu inaweza kukadiria alichovuta, haiwezi kusema kama ndicho kilichomwua. Aliimaliza, akaitia kwenye bahasha. Sijaifungua, naogopa. Nakuja nayo Jumamosi. Ukitaka tuisome, tutaisoma pamoja. Ukinifungia mlango, sitabisha hodi tena.

Wabusu watoto kwa ajili yangu. Mungu awaweke.

Ni mimi ndugu yako,
Joab Nyang'au