Tuni ya Kijapani Kanisani

Eliza, nimefanya ujinga.

Ule wimbo wa Kijapani ulionitumia, nilichukua tuni nikaweka maneno ya Kishambaa. Kwaya nikawaambia nimetunga mwenyewe.

Leo tumeuimba ibadani. Mchungaji akanisimamisha mbele ya usharika mzima. "Fanueli, wimbo huu umeupata wapi?"

Nikasema nimepewa na Bwana nikipalilia karoti.

Karoti, Eliza. Sijui hata ilitoka wapi.

Watu wakaitikia amina.

Tulipotoka, bibi Esteria, yule mgonjwa wa figo, akanishika mkono analia. "Mjukuu wangu, siku ya kunizika mniimbie huo huo. Usiimbwe mwingine."

Huo huo, Eliza.

Nilitaka kumwambia ukweli pale pale. Nikasema, "Sawa, bibi."

Tafadhali futa ule ujumbe wenye wimbo ulionitumia. Kwangu nimeshaufuta.