Mwano Haupigwi kwa Kidole

Muscat, Jumapili asubuhi

Mdogo wangu Shija,

Mwangaluka. Mama anaendeleaje, mgongo wa mayu umepoa? Mimi nipo, kazi za ndani zinanichosha lakini afya ninayo. Salamu zimetosha. Sasa kaa chini, maana nina hasira na wewe. Barua hii anakuja nayo Rebeka, mwenzangu wa huku, anarudi Maswa. Msomee mayu kwa sauti, na usiruke mstari.

Hivi kweli, Shija! Unatoka alfajiri unakuta zizi limebomolewa, maksai wa mayu hawapo, kinyesi bado kinafuka mvuke. Wezi hata mto hawajavuka. Halafu unarudi ndani kuchukua simu! Unapiga picha zizi tupu, unaitupa kwenye grupu la ukoo: "Jamani tumeibiwa."

Mwano ulikushinda nini? Babu alikuwa akitoka nje anapiga yowe moja tu, jirani analidaka, kijiji cha pili kinalidaka, mara wanaume wa Sola nzima wako njiani na fimbo, mwizi hana pa kupita. Wewe umeita watu wa mbali. Mjomba wa Mwanza kaweka emoji ya kulia. Shangazi kaandika, "Poleni, Mungu yupo." Binamu wa Dodoma anauliza maksai walikuwa rangi gani! Na Mzee Luhende, ambaye zizi lake linagusana na letu, hana hata simu ya grupu. Alikuwa anakunywa uji. Amekuja kusikia mchana, kwa mdomo, na mayu anasema mzee alilia.

Mvua hizo zimeanza. Mayu atalimia nini pamba yake, simu yako?

Sasa iache hiyo simu nyumbani. Mchukue Mzee Luhende, mwende kwa sungusungu, mzunguke minadani mkiuliza kwa midomo yenu. Msalimie mke wake aliyenifundisha kusuka nywele. Na pacha wangu Dotto, hapo Bariadi mjini, mwambie kidole gumba alichotuma hakirudishi ng'ombe.

Unajua ujumbe wako ulinikuta wapi? Jikoni. Sikuwa na la kufanya, mwano ukanitoka wenyewe, kwa sauti yote. Mama mwenye nyumba alishuka ngazi bila viatu. Mpishi Mhindi akaja na mwiko, dereva akatupa ndoo ya kuoshea gari akakimbia. Hakuna hata mmoja anayejua Kisukuma, Shija. Walikuja wote.

Dada yako, nakupenda na nimekukasirikia,
Kulwa