Kitambaa cha Pande Mbili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute u mzima, mgongo wa shemeji umetulia, na kitindamimba wenu ameacha kukohoa. Sisi huku tupo. Seremala wangu anakusalimu. Yuko uani anapiga randa, na vumbi lake lote linaingia kwenye cherehani yangu kama kawaida. Nilitaka kuandika kwamba na mimi ni mzima, mkono umekataa. Soma ukiwa umekaa.

Utamkumbuka yule nesi mnene anayesema pole kwa kila kitu, hata sindano ikikatika. Alikuja nimpanulie sare, akaiona picha ya marehemu mama ukutani, akauliza ni nini kilichomuua. Nikamwambia ni saratani ya shingo ya kizazi, na kwamba ilipojulikana ilikuwa imeshasambaa. Akauliza mimi nimepima lini. Nikacheka, nikasema siumwi popote. Akajibu kwamba hata mama kuna siku alikuwa haumwi popote, na kwamba sare haichukui mpaka nikapime. Nikaenda, ili tu aniondolee sare yake dukani.

Dada, wamekuta ninayo.

Kwanza walikata kipande kidogo chenye umbo la pia ya kuchezea, wakakipeleka maabara. Tuliomba yaishie hapo, maana wapo wanaopona kwa hilo tu. Majibu yakaja kwamba uvimbe bado ni mdogo, lakini umezama kuliko walivyodhani, na kingo za kile kipande si safi. Daktari, mama mmoja mpole ambaye miwani yake haikai puani, akatuita mimi na mume wangu. Akaeleza kwamba iliyozoeleka ni kuuondoa mfuko wa uzazi wote. Ila ipo njia nyingine, kwa mwanamke anayetaka bado kuzaa na ambaye uvimbe wake ni mdogo kama wangu: wanaondoa shingo ya kizazi na nyama za pembeni yake, wanachukua na matezi ya nyonga wayapime, kisha mfuko wanauacha, wanauzungushia uzi chini ili mimba isiponyoke. Mtoto huzaliwa kwa upasuaji, na huenda akawahi kabla ya wakati wake. Hakuniahidi mtoto. Aliniahidi nafasi tu.

Nikamuuliza swali la kifundi cherehani. Mama alitufundisha kuacha vidole viwili vya akiba pembeni ya mshono, kwani kilichokatwa hakirefuki. Je, yeye huacha akiba kiasi gani? Akacheka kidogo, kisha akawa kama amejutia kucheka.

"Akiba yako wewe unaibakiza," akasema. "Yangu mimi naitupa."

Maana yake hukata mpaka ndani ya nyama nzima, kusibaki chembe ya ugonjwa. Tangu siku ile mkasi haunitii. Suruali ya mwalimu mkuu nimeikata ikawa kaptula. Mungu ampe maisha marefu, ameipokea, eti alikuwa anahitaji ya bustanini.

Naogopa, dada. Naogopa hata dawa ya kupigia deki kule hospitalini, kwa sababu harufu yake ni ileile ya wodi ya mama. Namkumbuka akizungumza nasi na pini midomoni. Namkumbuka mwishoni akikalia taulo lililokunjwa na kusingizia kwamba kiti ni kigumu, akifua nguo zake mwenyewe kabla hatujaamka. Na sisi tulivyokuwa tukisimama pembeni ya kitanda chake tukimwambia anaendelea vizuri, naye akitutazama kama anayetuonea huruma.

Mume wangu hajasema neno baya. Tukitoka kwa daktari alinishika kiwiko akaniambia, "Mimi nilikuoa wewe, sikuoa watoto." Lakini zile mbao za kitanda cha mtoto, alizokuwa amezitunza juu ya kabati tangu tuoane, juzi nimezikuta zimekuwa benchi la wateja dukani kwangu. Amelipiga msasa mpaka linateleza. Kila anayeingia analisifu. Najua amefanya hivyo ili nisione deni machoni pake. Mimi siwezi kulikalia.

Nimechagua hiyo njia ya pili. Nitapasuliwa Alhamisi ijayo. Nikiwa bado mezani, maabara wataangalia. Ukingo wa juu ukiwa na ugonjwa, wataondoa na mfuko. Ugonjwa ukiwa umefika kwenye matezi, itakuwa mionzi, na mionzi haibakizi uzazi. Nimeridhia, nimetia sahihi. Nitalala bila kujua nitaamka na nini.

Sasa nikwambie nisilomwambia mtu. Wote nawaambia nataka uhai tu, mengine ni majaliwa. Si kweli. Ile nafasi naitaka. Naitaka mpaka naogopa Mungu ataniona mroho aninyime vyote viwili. Daktari amenihakikishia kwamba kwa uvimbe mdogo namna hii sijichongei kaburi kwa kuchagua hivi, lakini woga hausikii la daktari.

Kwa hiyo njoo. Nimeomba wewe uambiwe kabla yangu, na mume wangu ameridhia. Yeye atanidanganya kwa huruma, kama sisi tulivyomdanganya mama. Wewe uongo hukuwahi kuuweza. Masikio yako husogea. Pamoja na barua hii nimekufungia kitambaa cha kichwa, kijani upande mmoja, kijivu upande wa pili. Mfuko ukibaki na matezi yakiwa safi, vaa kijani. Isipokuwa hivyo, kigeuze. Nikifumbua macho nitatafuta kichwa chako kabla sijasikia sauti ya mtu.

Upande wa kijivu ndio niliouanza, kwa kuwa ndio ninaouogopa. Pindo lake nimelishona kwa mkono, taratibu, sawa na la kijani. Utakaouvaa wowote, hautakukwaruza.

Nisalimie shemeji na wanangu wote. Mwambie kitindamimba asimeze vitu. Mimi nilipokimeza kile kifungo mama alinining'iniza miguu juu, na jina likaniganda mpaka leo.

Nakungoja.

Mdogo wako,
Kifungo