Malkia Aliyekufa kwa Kidole Changu

Mpendwa Shangazi Verna, nakuita shangazi kama wanavyokuita wote ingawa huenda nimekuzidi umri, naomba unishike mkono maana nina jambo nimekaa nalo kifuani miaka thelathini na tisa, na lilikuwa halinisumbui hata kidogo, usingizi wangu nalala vizuri, mpaka mwezi huu limeanza kunikaba. Mimi ni mama wa miaka sitini na miwili, nimestaafu kazi ya mapokezi kwa daktari wa meno, naishi hapa Sheboygan, na kila Jumamosi mchana nacheza Tharrow na wenzangu watano kwenye ukumbi wa chini wa kanisa letu la Kilutheri. Wasomaji wa jarida lenu hawana haja ya kuelezwa Tharrow ni nini, ila shemeji yangu naye husoma ukurasa wako huku akijifanya hausomi, basi kwa faida yake: ni mchezo wa dadu na karatasi, tunakaa mezani kila mtu akijifanya mtu wa nchi ya kubuni, na nchi hiyo ina vitabu vyake kumi na tisa, vyenye wafalme na mito na koo na tarehe za kila kitu, na sisi mashabiki tunazigombania tarehe hizo kuliko ndugu wanavyogombania shamba la baba yao.

Sasa sikia. Kitabu cha kwanza kabisa, kile chenye jalada la kijani, nilikipiga taipu mimi. Shirika lililokitoa lilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu, lilishakufa zamani, nami nilikuwa karani wao nikiwa na miaka ishirini na mitatu, mtunzi analeta karatasi zake za mkono, mimi nachapa. Siku niliyofika kwenye ukurasa wa Malkia Ismerild ilikuwa Ijumaa saa kumi na moja, wenzangu wananingoja chini twende kula samaki wa kukaanga, na unajua mwenyewe samaki wa Ijumaa ukichelewa unakuta foleni imefika barabarani, basi nikaharakisha. Mtunzi aliandika kwamba malkia alikufa mwaka 341. Mimi nikapiga 314. Ndiyo hivyo tu, Shangazi, vidole vilipishana. Hakuna aliyeona, kitabu kikatoka, mtunzi naye akafariki kabla ya toleo la pili, na mbele huko kwenye ukurasa wa themanini malkia yuleyule anatia sahihi Mkataba wa Chumvi mwaka 332, akiwa kaburini mwaka wa kumi na nane.

Yaliyofuata unayajua. Wakatokea Watu wa Kaburi, wanaosema malkia alikufa kweli na sahihi ile ni ya kughushi, na wakatokea Watu wa Jeneza Tupu, wanaosema alijizika uongo akaenda kujificha kwa wachimba chumvi. Mimi wakati huo nalea watoto, sikujua lolote. Nilipostaafu miaka sita iliyopita nikajiunga na kikundi kwa sababu nyumba ilikuwa kimya, na siku yangu ya kwanza naingia nakuta wanabishana habari ya kidole changu. Pahoua Thao, binti anayetuendeshea mchezo, mwalimu wa hesabu, ulimi wake pilipili, alikuwa anasema, "Huyo bibi kafa. Maiti haitii sahihi." Na Delmar Voskuil akamjibu, "Maiti haitii sahihi, ndiyo maana nakwambia hakuwa maiti. Hesabu unafundisha wewe, mwanangu, na hata hiyo haikuingii?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme, jamani, ni mimi, tucheke yaishe. Lakini Delmar ni tarishi mstaafu, kapeleka barua mji huu miaka thelathini na mmoja, na mkewe alikuwa amefariki majira ya baridi yaliyotangulia. Akasema polepole bila kumtazama mtu, "Mimi namhitaji huyu mama awe hai. Mtu kafungiwa ndani ya sanduku, kila mtu kashamlilia, na bado akatoka akafanya kazi yake. Mwenzenu asubuhi naamkia hilo." Pahoua akamsogezea dadu arushe yeye, ingawa zamu haikuwa yake. Nami nikafunga mdomo, nikaomba nipitishiwe jibini.

Tangu hapo ni miaka sita. Mimi na Delmar ni marafiki tu. Tunakula samaki wa Ijumaa pamoja, ananisafishia theluji mlangoni, ananieleza habari za wachimba chumvi, na sikuwahi kudhani naweza kusikiliza habari za chumvi saa mbili nzima kahawa ikipoa na nikasikitika zikiisha. Ameandika kitabu, Shangazi, kurasa mia nne, *Miaka Kumi na Minane ya Chumvi*, kueleza malkia alikuwa wapi muda wote ule, na ni kizuri, mimi si mtu wa kulia na kuna sura moja nililia. Kampuni inayomiliki Tharrow siku hizi imekikubali. Kitakuwa kitabu cha ishirini, kitabu rasmi, na mwezi wa Agosti atakizungumzia mbele ya mkutano wa mashabiki wote.

Wiki mbili zilizopita zikaja prufu, zile kurasa za mwisho za kusomwa kabla ya kiwanda, azirudishe mwisho wa mwezi, akaniletea mimi. "Bi Ardis," akasema, "wewe una jicho la tarehe. Nikagulie." Nafungua ukurasa wa mbele nakuta: *Kwa Ardis, ambaye hakunitia shaka hata siku moja.* Nikadhani hapo ndipo mwisho wa adhabu. Kumbe kuna dibaji, na hiyo alinisomea mwenyewe jikoni kwake: "Wapo wavivu wa kufikiri wanaodai 314 ni kosa la chapa. Nawajibu hivi: aliyechapa kitabu kile, ambaye jina lake hatulijui, alikuwa mtu mwaminifu asiyethubutu kugusa hata tarakimu moja. Tunapaswa sote kumshukuru." Akavua miwani. "Unaonaje, nimemtendea haki?" Nikamwambia umemtendea haki mno. Akafurahi, akanimiminia kahawa.

Na ile karatasi ya mtunzi ninayo, imo kwenye sanduku la viatu vya theluji, 341 imeandikwa kwa wino mweusi waziwazi. Niichome? Au nimwambie? Nikimwambia, kitabu si kitakufa? Na yeye si atanichukia? Nimefikiria ningoje mpaka Agosti ipite, lakini nikingoja si ndiyo atanichukia zaidi? Namtazama akitembea na furaha yake mjini kama mtu aliyepata mjukuu, na mimi natembea na samaki wa mwaka ule amenikwama kooni. Niambie tu ukweli, Shangazi, atanichukia?

Mwenye Vidole Vizito, Sheboygan

*Shangazi Verna anajibu:*

Mama Vidole Vizito, pole. Pole nimeshasema, sasa kaa vizuri nikuseme.

Majina yote niliyabadilisha kabla ya kuchapa barua yako. Tarakimu sikuzigusa, tumeshaona inavyokuwa.

Nami kwanza niungame. Mimi ni Mtu wa Kaburi tangu nina miaka kumi na tisa. Kuna kiangazi kizima mimi na dada yangu wa Green Bay hatukusemezana, sababu ni hiyo 314 yako, mama yetu akawa anatupelekea salamu kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Nimeisoma barua yako nikacheka mpaka chai ikanipalia, kisha nikampigia simu nikamwambia nimemkumbuka tu. Akaniuliza nani kafa.

Tuje kwako. Unaogopa karatasi yako itakiua kitabu cha Delmar. Miaka sita unacheza Tharrow na hujui sheria yetu ya kwanza? Kilichochapwa ndicho kilichotokea. Si alichokusudia mtunzi, si alichoandika kwa mkono, si alichomwambia mkewe mezani. Mji wa Brannoc una bandari mbili na moja yao iko juu ya mlima, kwa sababu mtu alibandika ramani kichwa chini, na hatujamwona yeyote akiibomoa. Tumeweka meli huko juu na tukazitungia sababu. Malkia alizikwa 314 na akatia sahihi 332, kidole chako kimeshasema, na hakuna wa kukipinga, hata wewe mwenyewe. Mwenye kutuambia alikuwa wapi hapo katikati ni Delmar. Kitabu chake kimesimama.

Lakini sheria hiyo ni ya Tharrow, na ninyi wawili mnaishi Sheboygan. Ule ukurasa wa mchapaji haumhusu malkia. Unakuhusu wewe, na si kweli, na anayeuandika hajui kuwa si kweli, na alikuuliza uso kwa uso kama amemtendea haki mtu huyo, ukamwambia ndiyo. Hapo ndipo ulipokosea, mama. Ile 314 ilikuwa haraka ya samaki. Hii ya jikoni ulikuwa umekaa kitako na kikombe mkononi.

Tena alikupa kazi ya kukagua tarehe. Tarehe moja tu yenye shida kwenye kitabu kizima, na mkaguzi ameificha kwenye sanduku la viatu. Nisingekuajiri.

Na usijidanganye kwamba siri itakaa. Wale wenzako waliokungoja chini ya ngazi uende nao kula wapo, wanamjua karani wa siku zile, wana midomo, na mmoja wao atanunua kitabu kwa sababu kimetoka mjini kwenu. Unataka Delmar aambiwe na mtu wa nyuma ya ukumbi mwezi wa Agosti, amesimama na kipaza sauti, watu elfu mbili wanamtazama, halafu ageuke akuone wewe kwenye kiti cha mbele hushangai?

Kwa hiyo karatasi usiichome. Itie kwenye bahasha, nenda kwake Jumatano asubuhi kweupe. Usingoje Jumamosi, Pahoua atakuwepo na atashindwa kuficha meno. Usipige simu. Usibebe bakuli la chakula, mgane yeyote wa Wisconsin akiona mama kaja na bakuli limefunikwa anaanza kutafuta suti ya msiba. Mpe karatasi mkononi, sema, "Mchapaji ni mimi, na nilikosea," halafu nyamaza. Usieleze habari za samaki, zitamfanya acheke kabla hajamaliza kukasirika, na ana haki ya kukasirika. Akitaka kukiondoa kitabu, hapo ndipo umkumbushe sheria ya kwanza. Akikataa kukumbuka, mpe namba yangu, aambiwe na Mtu wa Kaburi. Ukurasa wa mchapaji ni wake, aukate au auandike upya, wala usimchagulie. Na ile tabaruku yenye jina lako vilevile. Ikitoka imetoka, mama, utaimeza.

Jibu hili nakutumia kwa posta leo. Jarida litaingia kwenye masanduku ya barua tarehe ishirini na mbili, na Delmar ni msomaji wetu wa miaka mingi. Majina nimebadilisha, lakini mtu aliyebeba barua za watu miaka thelathini na mmoja anaijua barua inayomhusu. Una siku kumi na moja.

Sasa hilo la "marafiki tu". Habari ya kitabu umeniuliza mara moja. Kama atakuchukia, umeniuliza mara tatu. Sikujibu kwa sababu mimi simjui Delmar, unamjua wewe, na umenijazia kurasa nzima za sababu za kutomwogopa halafu ukamwogopa.

Atakuuliza, siku hiyo au baada ya wiki, kwa nini ulinyamaza muda wote huo. Malkia usimtaje. Mwambie ulipenda kumsikiliza. Hilo nalo ni kweli, na hilo bado hajaambiwa.