Magurudumu ya Dau Yanapumzika

"Mjomba, gari hili linanusa mafuta tu, na magurudumu yote manne yanavuta. Matope kwalo ni lami!"

Ni Dau huyo, rafiki yangu Adhieu! Alikuwa akimpeleka hadi mji wa Rejaf mjomba wa Nyakim, msichana anayetaka kumwoa; mjomba huyo ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu posa yake.

Lami! Hawajafika hata nusu ya njia, gari likazama. Magurudumu ya mbele yanazunguka, ya nyuma yametulia kama wageni wanaongoja chakula.

Mjomba, viatu mkononi: "Haya ya nyuma vipi?"

"Yanapumzika, mjomba."

Wallahi alisema yanapumzika!

Akapita Dunstan, yule fundi magari Mganda wa mtaa wa Sherikat, akachungulia chini.

"Dau, si nilikuambia hii inavuta na mbele tu? Hata hiyo stika ya 4x4, si ni wewe ulileta jana nikubandikie?"